Mfupa Uliovunjika Usiku: Nafasi ya Akili Mnemba katika Tiba na Upasuaji wa Mifupa

Ndugu mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlionitangulia katika fani hii, madaktari, maafisa tabibu, wauguzi, wataalamu wa mionzi na wa fiziotherapia mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Chemba, Bahi na Chamwino, nanyi mliovuka mpaka kutoka Manyoni, wanafunzi wa tiba, mabibi na mabwana: mbukwenyi.

Nimepewa mada ya nafasi ya akili mnemba katika tiba na upasuaji wa mifupa, na ninahisi kwamba wengi wenu, mlipoiona kwenye ratiba, mlifikiria roboti iliyosimama katika chumba cha upasuaji ikiwa imeshika msumeno. Roboti nitaifikia, lakini sitaanza nayo, kwa sababu siamini kwamba mgonjwa wetu wa Kanda ya Kati ya Tanzania anapungukiwa hapo kwanza. Mgonjwa wetu anapungukiwa saa nane ya usiku, katika hospitali ya wilaya, mbele ya picha ya eksirei ambayo mtu mmoja aliyechoka anatakiwa kuisoma peke yake na kuamua kama huyu aliyelala kitandani apewe dawa za maumivu arudi nyumbani au atafutiwe gari la wagonjwa aje mjini.

Nitawaeleza habari ya kijana mmoja. Alikuwa dereva wa bodaboda mwenye umri wa miaka 22, alikuja kliniki yangu akiongozana na mama yake, akilalamikia kifundo cha mkono wa kulia. Miezi saba kabla ya siku hiyo pikipiki yake iliteleza kwenye kokoto karibu na Kibaigwa, naye akajikinga kwa kiganja. Usiku uleule alifikishwa hospitali, sitaitaja, akapigwa picha, akaambiwa kwamba mfupa ni mzima na kilichoteguka ni kiungo tu. Alifungwa bandeji, akapewa vidonge vya siku tano, na mama yake akawa anamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi kila jioni kwa wiki tatu. Uvimbe uliisha. Maumivu hayakuisha; yalijificha, yakawa yanarudi kila alipovuta mafuta kupandisha kilima akiwa na abiria.

Nilimwomba anyooshe kidole gumba. Ukikinyoosha kidole hicho vizuri, chini yake panajitokeza kishimo kidogo kati ya kano mbili. Nilikibonyeza kishimo hicho kwa ncha ya kidole changu, naye akauvuta mkono wake kabla hajaweza kujizuia. Chini ya kishimo hicho pana mfupa mdogo wenye umbo la mtumbwi, ambao sisi huuita skafoidi. Damu yake huingia kwa mbele na kurudi nyuma, kwa hiyo ukivunjika katikati, nusu ya nyuma inaweza kukosa damu na kufa huku mgonjwa akiendelea kula, kulala na kufanya kazi. Picha mpya ilionyesha hivyohivyo: vipande viwili visivyoungana, na kipande cha nyuma kimekuwa cheupe kuliko mifupa inayokizunguka.

Mama yake akatoa bahasha ya kaki kwenye mkoba wake. Ndani yake mlikuwa na picha ya usiku ule wa kwanza, kona moja imekunjika, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Niliinyanyua kuelekea dirishani, kwa kuwa taa ya kusomea picha ilikuwa chumba kingine. Mstari ulikuwepo. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umekatiza kiunoni mwa mfupa ule, na kwa mtu anayejua kuwa upo ulionekana waziwazi. Sikumlaumu aliyeusoma usiku ule na hadi leo simlaumu, kwa sababu nami nimewahi kuipita mistari ya namna hiyo, mchana, nikiwa nimekunywa chai na nina mwenzangu wa kumuuliza. Kijana tulimfanyia upasuaji, tukachukua kipande cha mfupa wa nyonga tukakipandikiza, tukakaza kwa skrubu. Mfupa uliunga. Kifundo chake hakikurudi kukunjika kama zamani, wala hakitarudi.

Ninaanza na mkono huu mmoja kwa sababu kosa la namna hii ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoishauri huduma ya afya ya nchi hiyo kuhusu matibabu yanayofaa, ilieleza kwamba mivunjiko inayopitwa bila kuonekana ni kati ya asilimia 3 na 10 ya mivunjiko, na kwamba hilo ndilo kosa la utambuzi linalotokea zaidi katika idara za dharura. Hiyo ni Uingereza, ambako picha kwa kawaida hupitiwa tena baadaye na wataalamu wa radiolojia. Mwaka 2025 taasisi hiyohiyo iliridhia programu nne za akili mnemba zitumike kuwasaidia wahudumu wa dharura kusoma picha za mifupa, huku ushahidi zaidi ukiendelea kukusanywa. Marekani ilianza mapema zaidi: mwezi Mei 2018 mamlaka yao ya chakula na dawa iliruhusu programu iitwayo OsteoDetect, inayotafuta mvunjiko kwenye picha ya kifundo cha mkono cha mtu mzima.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu jambo hili husemwa juujuu sana kwenye matangazo. Programu ile ya mwaka 2018 iliruhusiwa kwa mfupa mmoja tu, ncha ya chini ya mfupa mnene wa kigasha (mkono chini ya kiwiko) upande wa kidole gumba. Mfupa uliovunjika kwa kijana wangu uko sentimita chache tu mbele yake. Picha yake ingepitishwa kwenye programu hiyo, nayo ingenyamaza, na ukimya huo mtu asiyejua angeuchukua kuwa ni jibu la kwamba mkono ni mzima. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza pale muuzaji yeyote anapotuletea programu yake ni hili: imefundishwa mfupa gani, wa mtu wa umri gani, na ikinyamaza, ukimya wake una maana gani?

Kufundishwa kwenyewe hakuna muujiza. Tangu Wilhelm Röntgen alipougundua mwali wa eksirei mwezi Novemba 1895 na kuupiga picha mkono wa mkewe wenye pete, picha za mifupa zimesomwa kwa macho ya binadamu, na macho hayo hufundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi na mtu anayejua zaidi. Akili mnemba hufundishwa kwa njia inayofanana na hiyo, ila kwa wingi mno na kwa haraka mno. Kompyuta hupewa maelfu ya picha ambazo madaktari wameshazisoma, hukisia, huambiwa imepatia au imekosea, hujirekebisha kidogo, kisha hukisia tena. Chuo Kikuu cha Stanford kilipotoa hadharani mkusanyiko wake wa picha za mkono, kuanzia bega hadi vidole, mwaka 2018, ulikuwa na picha 40,561. Hakuna mwanafunzi wa tiba hapa ndani atakayeona idadi hiyo kabla ya kuhitimu. Lakini katika picha zote hizo mashine haijawahi kumshika mgonjwa hata mmoja mkono, na haijui kwamba mfupa unauma.

Kwetu hili si jambo la kusubiri miaka ishirini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta zitumike kusoma picha za kifua ili kuwabaini watu wanaoweza kuwa na kifua kikuu, kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, na wengi wenu mmeshaziona zikifanya kazi kwenye upimaji wa jamii. Hospitali nyingi sasa zina eksirei za kidijitali, ambazo picha zake zinatokea kwenye kompyuta bila filamu. Reli imeshatandikwa, kilichobaki ni kuamua treni gani ipite juu yake na ibebe nani kwanza. Mimi ninasema ianze kumbeba afisa tabibu wa zamu ya usiku.

Sasa niwapeleke wodi ya watoto, kwa sababu hapo ndipo ninapoyaona matumaini na hofu vikikaa kitanda kimoja.

Mnaujua msimu wa maembe. Mnaijua pia mibuyu yetu, na jinsi mtoto wa miaka sita anavyoweza kupanda juu akifuata ubuyu kabla mtu mzima hajageuka. Wakianguka, hutanguliza mkono, na kiwiko huvunjika juu kidogo ya kiungo. Picha ya kiwiko cha mtoto ni miongoni mwa picha ngumu kuzisoma katika fani yetu nzima, kwa kuwa mtoto huzaliwa kiwiko chake kikiwa kwa sehemu kubwa ni gegedu, tishu laini ambayo baadaye hugeuka mfupa, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Vituo sita vya mfupa hujitokeza kimoja baada ya kingine, takribani akiwa na mwaka mmoja, mitatu, mitano, saba, tisa na kumi na moja. Afisa tabibu anaona kidoadoa cheupe kimesimama peke yake pembeni ya mfupa, naye anatakiwa kujua kama ni kituo cha ukuaji kilichofika kwa wakati wake au ni kipande kilichong'oka. Baadhi yetu hupiga picha ya kiwiko cha pili kizima ili tulinganishe. Mashine iliyofundishwa viwiko vya watoto, kwa maelfu na kwa kila umri, ingeweza kumwambia ndani ya sekunde chache: kituo hiki hakitakiwi kuonekana kabla ya kile, angalia tena. Msaada huo ni mkubwa kweli, na ningeutaka leo.

Lakini mbele ya kiwiko hicho unapita mshipa mkuu wa damu unaolisha mkono wote. Kipande cha mfupa kikisogea mbele huweza kuubana au kuuchoma. Damu ikipungua, na uvimbe ukijaa ndani ya misuli ya kigasha, misuli hiyo huanza kufa kwa saa, si kwa siku, na mtoto akipona atabaki na vidole vilivyojikunja kama makucha maisha yake yote. Dalili zake hazipo kwenye picha. Zipo kwenye kiganja kilichopoa na kupauka, kwenye mapigo usiyoyapata unapoweka vidole vyako, na kwenye kilio cha mtoto unaponyoosha vidole vyake taratibu, kilio ambacho hakilingani na ukubwa wa jeraha. Wengine hutufikia wakiwa wamefungwa vijiti na mafundi wa kuunga mifupa kijijini, nao si watu wa kudharauliwa, maana mara nyingi wao ndio walio karibu. Ila vijiti vikikazwa mno juu ya kiwiko kinachovimba, hufanya kazi ileile ya kuua misuli. Hakuna mashine ya kusoma picha itakayokwambia fungua vijiti hivyo sasa hivi.

Kwa sababu hiyo, katika mazoezi ninayoyasimamia nimeweka utaratibu ambao ninawaomba mjaribu kuufuata siku programu hizi zitakapofika kwenu. Kwanza mkono wako uwe juu ya mgonjwa: bonyeza, tafuta mapigo, jaribu vidole. Kisha isome picha mwenyewe na uandike ulichokiona kwenye faili, hata kama ni sentensi moja. Ndipo ufungue jibu la mashine. Ukilifungua kwanza, macho yako yatakwenda pale lilipokuelekeza na kuacha kwingine. Hali hiyo imechunguzwa kwa madaktari wenye uzoefu na wasio na uzoefu, na wote huvutwa na jibu la mashine hata linapokosea. Na pale jibu lako na la mashine yanapotofautiana, hapo ndipo pa kupiga simu kwa bingwa, hata kama ni usiku. Mimi ningependa kuamshwa mara kumi kwa jambo hilo kuliko kuletewa bahasha ya kaki miezi saba baadaye.

Niingie sasa kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi, nalo ni mifupa iliyotumika kuzifundisha mashine hizi. Sehemu kubwa ya picha hizo zimetoka Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki. Nyonga inayoharibika huko kwa kawaida ni ya mzee ambaye gegedu yake imelika. Nyonga nyingi zinazoharibika ninazoziona mimi ni za vijana wenye selimundu, ambao chembe zao za damu zimeziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hadi kikafa na kuporomoka. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watoto 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Msichana wa miaka 17 anayechechemea anapofika kwenye mashine iliyozoea nyonga za watu wa miaka 70, sina uhakika kwamba mashine hiyo itamtambua, na hatua za mwanzo, wakati kichwa cha mfupa hakijaporomoka, ndizo zenye thamani.

Chukueni mfano wa Singida. Baadhi ya visima vya kule vina madini ya floraidi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watu tunayajua madoa ya kahawia kwenye meno, lakini anayeyanywa maji hayo kwa miaka mingi huathirika hadi mifupani: miguu hupinda, uti wa mgongo hukakamaa, na mfupa huonekana mweupe na mzito kwenye eksirei. Weupe huo si nguvu. Mfupa wa namna hiyo unaweza kuonekana mgumu kwa macho na bado ukawa mwepesi kuvunjika. Sasa fikirini programu inayokadiria uimara wa mfupa kwa kupima weupe wake kwenye picha, kazi ambayo tayari zipo programu zinazoifanya, ikiletwa kwa bibi wa Singida mwenye floraidi mifupani. Itamwambia ana mifupa imara. Hakuna aliyeifundisha kwamba weupe huo ni ugonjwa.

Tena mashine hujifunza hata tusiyoyakusudia. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba programu iliyokuwa ikitambua nimonia kwenye picha za kifua ilikuwa imejifunza pia kutambua picha imetoka hospitali gani, na ilitumia hilo kukisia ugonjwa, kwa kuwa hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi wa nimonia. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ulibaini jambo kama hilo kwenye picha za mivunjiko ya nyonga: kompyuta ilikuwa ikisoma, pamoja na mfupa, aina ya mashine iliyopiga picha na mambo ya utaratibu wa hospitali. Ilipopewa wagonjwa waliolinganishwa kwa mambo hayo, uwezo wake wa kutambua mvunjiko ukaanguka. Programu iliyopata alama za juu ng'ambo inaweza ikaanguka Mpwapwa bila mtu yeyote kuona, kwa sababu ya aina ya mashine tu. Ndiyo maana siikubali hoja ya kwamba kifaa kimeshapimwa nje hivyo tukitumie tu. Kipimwe hapa, kwa picha zetu, kabla hakijagusa uamuzi wa mgonjwa mmoja.

Kuhusu chumba cha upasuaji nitakuwa mfupi zaidi ya mlivyotarajia. Roboti ya kwanza kutumika kwa binadamu katika kubadilisha nyonga, ROBODOC, ilifanya kazi hiyo Sacramento, Marekani, mwaka 1992, yaani miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Aina moja inayotumika sana sasa ya roboti za kubadilisha goti haikati peke yake: picha ya CT ya mgonjwa, yaani eksirei inayopigwa tabaka kwa tabaka, hugeuzwa kuwa ramani ya mfupa, daktari hupanga mahali pa kukata, kisha yeye mwenyewe hushika msumeno ulioungwa kwenye mkono wa roboti, na mkono huo humzuia asitoke nje ya mpaka aliouweka. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kiungo bandia hukaa karibu zaidi na mahali palipopangwa. Kwa upande wa maumivu na namna mgonjwa anavyotembea miaka kadhaa baadaye, tofauti iliyopatikana imekuwa ndogo, na katika baadhi ya tafiti haikuonekana. Bei yake tunaijua kuwa ni ya mabilioni ya shilingi ukijumlisha matengenezo, na kiasi hicho cha fedha katika mkoa wetu wa Dodoma, uliokuwa na watu zaidi ya milioni tatu kwenye sensa ya 2022, kina kazi nyingine zinazokisubiri.

Jambo ambalo ningelikaribisha katika upasuaji ni lile la kabla ya kisu. Programu inayotenganisha mifupa kwenye picha za CT na kuipima kwa dakika chache, kazi iliyokuwa ikimchukua daktari saa nzima, ingetusaidia sana kupanga upasuaji wa nyonga ya mtoto au mguu uliopinda. Zipo pia zinazoweza kutambua aina ya kiungo bandia kwa kukitazama kwenye eksirei. Hilo kwangu lina uzito wa pekee, kwa kuwa tunawapokea wazee waliofanyiwa upasuaji nje ya nchi miaka mingi nyuma, karatasi zimepotea, na hatujui tuandae vifaa vya kampuni gani kabla ya kukifungua kiungo hicho.

Nikizungumzia vifaa, siwezi kuupita msumari wa shirika la SIGN. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle wa Marekani, na msumari wake wa kuweka ndani ya mfupa wa paja na muundi umetengenezwa kwa ajili ya vyumba vya upasuaji visivyo na eksirei ya papohapo. Daktari hutafuta tundu la skrubu kwa kipimo na kwa kuhisi kwa mkono. Umetumika katika nchi nyingi zenye uhaba wa vifaa, pamoja na yetu. Nautaja kwa sababu ya kilichofuata: daktari anayeutumia hupeleka kwenye kanzidata ya shirika hilo picha za kabla na baada ya upasuaji, na mgonjwa anaporudi hupigwa picha akiwa amechuchumaa huku akitabasamu. Anayeweza kuchuchumaa hadi chini bila kukunja uso, mguu wake umeshaanza kumrudia. Picha hiyo inapigwa kwa simu ya kawaida. Mgonjwa wa Kibakwe asiye na nauli ya kuja kliniki anaweza kupigwa picha hiyo na mwanawe, ikatumwa kwetu, na ninaiona wazi siku ambapo kompyuta itazichambua picha hizo na kututahadharisha: huyu goti lake halikunjiki kama wiki iliyopita, huyu kidonda chake kimebadilika rangi, waiteni. Tutahitaji vichache tu: simu, ruhusa ya mgonjwa na mtu wa kupokea.

Ruhusa hiyo si ya mdomo tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Anayekuja kwenu na programu ya bure huenda bei yake ni picha za wagonjwa wenu, zitakazokwenda kwenye seva msiyoijua. Programu inayosoma mfupa wa mtu na kuamua hatima yake kwangu mimi ni kifaa tiba kama kilivyo kifaa kingine, na inapaswa kupita mikononi mwa mamlaka inayohusika na vifaa tiba kabla haijafika mikononi mwenu. Na jina litakaloandikwa kwenye faili ni la aliyemhudumia mgonjwa. Mashine haina leseni ya udaktari, haiwezi kuitwa na baraza.

Ombi langu kwenu ni dogo kwa maneno, zito kwa kazi. Kama tunataka mashine zijue mifupa ya Dodoma na Singida, lazima mtu azikusanye picha za mifupa hiyo, na picha peke yake haitoshi. Inahitajika picha ya siku ya kwanza, pamoja na ile ya wiki mbili baadaye, pamoja na kilichoonekana tulipofungua, pamoja na hali ya mgonjwa baada ya nusu mwaka. Bila mwendelezo huo mashine itafundishwa makosa yetu na kuyarudia kwa kujiamini. Picha ya kwanza ya yule kijana, kama ingeingizwa kwenye mafunzo kama ilivyoandikwa usiku ule, ingeingia kama mfano wa mkono mzima. Hospitali ya kwanza haikujua kamwe kwamba ilikosea, kwa kuwa mgonjwa hakurudi pale. Sisi hatukuwa na picha ya mwanzo. Mahali pekee ambapo picha zile mbili ziliwahi kukutana ni ndani ya mkoba wa mama yake.

Siku kijana yule alipokuja kutolewa hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa, nilimwomba niziweke zote mbili kwenye mkusanyiko tunaouanza wa kufundishia. Aliniuliza kama jina lake litaonekana. Nikamweleza kwamba jina tutalifuta, na namba ya faili pia, utabaki mfupa, umri wake na yaliyompata. Akaugeuza mkono wake, akajaribu kuukunja, ukakoma katikati. Akamtazama mama yake, mama akaitoa bahasha akanikabidhi, na kijana akaniambia, "Chukua, daktari, ila na ile ya kwanza uandike kwamba ilikuwa imevunjika." Tuliandika hivyo, siku ileile, mbele yake.

Asanteni kwa kunisikiliza.